Elimu kwa Umma: Ramani za Zamani za Miteremko ya Mlima Kenya

Si jambo geni katika ugomvi wa mpaka kumwona mmoja wa majirani akitoa nakala ya ramani ya enzi ya ukoloni na kuelekeza kidole kwenye mto. Kabla ya kuitegemea, ni vyema kujua ramani hiyo ilichorwa kwa kazi gani.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Uingereza zilipiga picha za sehemu kubwa ya nchi kutoka angani. Idara ya Uingereza ya upimaji wa makoloni, iliyoanzishwa 1946, ilizitumia kuchora ramani za skeli ya 1:50,000. Sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini.

Anza na maandishi ya pembeni. Tafuta mwaka wa picha, si mwaka wa kuchapishwa pekee, kwani miaka kadhaa huweza kupita kati yake. Angalia pia kama vimo ni vya futi: futi 6,000 ni takriban mita 1,829.

Kisha fuata mistari ya kontua. Inapobanana, mteremko ni mkali. Inapojikunja kama herufi V yenye ncha inayoelekea mlimani, hapo ni bonde, na mara nyingi mto au kijito. Ncha ikielekea chini, umesimama kwenye mgongo wa kilima. Katika nchi ya Thiba, Nyamindi na Rupingazi utaona migongo na mabonde yakipokezana hadi nyanda za chini. Mabwawa na njia za miguu zilizotoweka zimo pia, na hapo ndipo ramani hizi zina faida kubwa kwa anayepanga mradi wa maji au barabara.

Kwa mpaka wa shamba, hapana. Milimita 1 ni mita 50. Ploti ya futi 50 kwa 100 haifiki hata milimita 1 kwa urefu. Mstari wa kalamu huifunika, na mto wenyewe huhama.

Mwenye mzozo aanze kwa msajili wa ardhi, akiomba ramani ya usajili ya eneo lake. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinataka mpaka uamuliwe huko kabla ya kesi kufika mahakamani.