Shahada ya sanaa: hesabu ya kufanya kabla ya kusaini mkopo

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi za Nkunga na kata jirani za Rungwe hukabiliwa na swali lilelile. Kijana amesoma mchepuo wa sanaa, HGL au HKL, na amefaulu. Je, akasome historia, lugha au sosholojia? Na nani atalipa? Tangu ada ya kidato cha tano na sita ifutwe mwaka 2022, familia nyingi zinafika kwenye swali hili bila kuwa zimewahi kulipa ada kubwa ya masomo kabla, na hapo ndipo haraka inapoumiza.

Kwanza tujue tunasimama wapi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Inapogawa fedha huzipa kipaumbele kozi za afya, uhandisi na ualimu wa sayansi na hisabati. Sanaa, lugha na sayansi za jamii ziko kundi la chini. Samia Scholarship nayo ni ya waliofanya vizuri katika sayansi. Kwa hiyo mzazi wa mwana HKL asipange bajeti kana kwamba mkopo utafunika kila kitu. Apange kana kwamba utakuja nusu. Yatima, wenye ulemavu na watoto wa kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF wana nafasi nzuri zaidi, mradi vielelezo viwe safi: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, vyeti vya vifo kama wazazi hawapo, na saini za serikali ya kijiji. Vyeti hivi vianze kutafutwa mapema, mtoto akiwa bado shuleni.

Sasa hesabu. Tuchukue shahada ya miaka mitatu kwenye chuo cha umma, ada shilingi milioni 1 kwa mwaka. Bumu, yaani fedha ya chakula na malazi, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Kwa siku 240 ni milioni 2.4. Vitabu na viandikwa 200,000. Jumla 3,600,000 kwa mwaka, au 10,800,000 kwa miaka mitatu kama amepewa vyote. Ongeza ada ya uendeshaji ya asilimia 1 na deni linafika 10,908,000. Angalia sehemu kubwa imetoka wapi: ni bumu, ada ni chini ya theluthi. Anayepewa bumu akalitumia kununua simu mpya amekopa simu hiyo kwa Bodi.

Tuseme amepata kazi serikalini kwa mshahara wa shilingi 800,000. Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, sawa na 120,000. Mfuko wa pensheni wa PSSSF asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 24,000. Kodi ya PAYE inakuja 68,000. Anabaki na 548,000. Kwa mwendo huo deni linaisha baada ya miezi 91, miaka saba na nusu hivi, mshahara usipopanda. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake au kisichopungua 100,000 kwa mwezi, na hapo inakuwa miaka tisa.

Miaka saba inatisha, lakini deni hili halizai tena. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikiwakatisha watu tamaa kwa sababu walilipa na deni likabaki palepale, iliondolewa Julai 2021. Kwa maoni yangu hili limebadilisha mizani yote. Mkopo wa Bodi ndiyo hela ya bei nafuu kuliko zote ambazo mtoto wa mkulima ataziona maishani.

Deni la kuogopa ni lile ambalo halionekani kwenye fomu. Mkopo umekuja nusu, chuo kinadai, baba anakopa kwenye kikundi cha VICOBA au anaweka rehani kipande cha chai. Laki sita kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi ni 30,000 kila mwezi ya riba peke yake, na mwaka ukiisha ni 360,000, laki sita zenyewe zikiwa bado zinadaiwa. Shamba likiondoka, wadogo zake watasomeshwa na nini?

Deni hilo linakuwa baya zaidi kwa sababu ya kusubiri ajira. Mwanzoni mwa 2025, walimu walipoitwa kwenye usaili, zaidi ya laki mbili walikuwa wameomba nafasi zisizofika elfu kumi na tano. Wa sayansi na hisabati wanatafutwa zaidi. Wa historia na Kiswahili wanapanga foleni ya miaka. Anayekwenda kusoma sanaa aweke kwenye hesabu yake angalau miaka miwili au mitatu bila mshahara baada ya kuhitimu, na familia ijue itaipitaje.

Hapa Rungwe tuna kitu ambacho Dar es Salaam hawana. Miche ya parachichi za Hass iliyobebeshwa huanza kuzaa kuanzia mwaka wa tatu. Familia inayopanda robo ekari mwaka ule mtoto anapoanza chuo itavuna wakati anarudi na cheti mkononi bila kazi. Hiyo ni akiba ya kungoja ajira, na pia ni mtaji kama ataamua kubaki. Ninalisema hili kwa uzito, maana nimeona wahitimu wakirudi nyumbani na kukuta hakuna hata tuta lao.

Uchaguzi wa chuo nao una uzito. Mbeya ni kilomita zipatazo 70 kutoka Tukuyu, na TEKU na Chuo Kikuu Katoliki viko hapo, lakini ni vya taasisi binafsi. Linganisha ada ya mwaka mzima pamoja na michango yote dhidi ya chuo cha umma cha mbali, usilinganishe nauli peke yake. Chuo Kikuu Huria kinamfaa anayetaka kusoma huku anafanya kazi.

Je, shahada ya sanaa inalipa? Inalipa kwa anayetoka na ujuzi ambao mtu ataununua: kutafsiri, kuhariri, kufundisha Kiswahili kwa wageni, kuandika miradi, kukusanya na kuchambua takwimu za utafiti. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lina kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili na huwanoa wanaotaka kufundisha wageni. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuanza kuulizia huko, asingoje mahafali. Anayechagua sosholojia kwa sababu tu ndiyo kozi iliyobaki kwenye orodha, ningemshauri aahirishe mwaka mmoja.

Akishaajiriwa, mwajiri ana siku 28 kuitaarifu Bodi. Ahakikishe imefanyika, kisha kila mwezi alinganishe karatasi ya mshahara na taarifa ya deni lake, kwa sababu makato yasiyofika Bodi yataendelea kuhesabiwa kama deni lake. Na akipata hela ya ziada, amalize kwanza ya VICOBA aliyoikopa baba yake. Ya Bodi iendelee na asilimia zake 15.