JIRANI WA UKUTA MMOJA
Somo kwa vikundi vya Biblia

Someni kwanza: Walawi 19:13–18, Mithali 25:8–17 na 27:14, Luka 11:5–8, Matendo 28:16–31.



Tunapotaja jirani kanisani, mara moja tunamfikiri yule mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi katika njia ya Yeriko. Ni jirani mwema sana wa kuhubiriwa: hana redio. Mwezi huu natumwangalie jirani mwingine, yule ambaye kitanda chake na chako vinatenganishwa na tofali moja, na ambaye sabufa yake inaanza kunguruma pale unapozima taa.

Wengi wetu tuishio mjini tumepanga, na wengi tumepanga chumba, si nyumba. Mnaijua nyumba yenyewe: vyumba vitatu upande huu, vitatu upande ule, ukumbi katikati, na nyuma uani penye bomba, jiko na choo cha wote. Mara nyingi kuta hazifiki kwenye bati. Zinaishia usawa wa dari, na pengine dari yenyewe haipo. Kwa hiyo sauti haina haja ya kupenya ukuta. Inapanda, inapita chini ya bati na kushukia kwako. Ukipiga chafya, jirani anakuambia "afya". Tena wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kabla hujaingia. Mpangaji aliyeudhika hawezi kufunga virago kesho yake asubuhi, maana fedha yake imekwisha kulala pale. Naye hana budi kulala hapo hapo.

Taabu hii ni ya zamani. Mtume Paulo mwenyewe alikuwa mpangaji. Kitabu cha Matendo kinamalizika akiwa Rumi, yapata mwaka 60 hivi, katika nyumba aliyoipanga kwa gharama yake, na askari wa kumlinda yuko naye. Alikaa miaka miwili. Miaka hiyo hiyo aliishi mwanafalsafa wa Kirumi aitwaye Seneca, ndugu wa yule Galio ambaye Paulo alishtakiwa mbele yake kule Korintho (Matendo 18:12). Seneca aliandika barua moja akieleza jinsi alivyokaa juu ya nyumba ya kuogea. Alisikia watu wakiguna kwa kuinua vyuma vizito, wengine wakijitupa majini kwa kishindo, mnyoa nywele za makwapani akinadi kazi yake, na wauza soseji na vitumbua kila mmoja na mlio wake. Anajisifu kwamba mambo hayo hayamsumbui hata kidogo, kwa sababu moyo wake umetulia. Lakini mwisho wa barua anasema atahama. Mimi nampenda kwa sentensi hiyo ya mwisho kuliko zote zilizotangulia.

Basi, Mungu hatuagizi tujifanye hatusikii. Tazameni sasa Walawi 19, mistari ya 16 hadi 18. Mstari wa 18 tunaujua kwa moyo, maana Bwana wetu aliutaja kuwa amri ya pili iliyo kuu. Ile miwili inayoutangulia haihubiriwi sana, nayo imeandikwa kana kwamba Musa aliwahi kukaa uani kwetu.

Mstari wa 16 unakataza kuzunguka na maneno ya kuchongea watu. Ndiyo njia ya kwanza ya wapangaji. Kijana wa chumba cha tatu anapiga muziki. Anayeambiwa si yeye. Anaambiwa mama wa chumba cha pili kwenye bomba, kisha fundi wa mbele ya nyumba, kisha mwenye nyumba siku ya kukusanya kodi. Nyumba nzima inajua isipokuwa mwenye redio.

Mstari wa 17 unakataza kumchukia ndugu moyoni. Ndiyo njia ya pili, na sisi Wakristo tunaipenda kwa kuwa inafanana na uvumilivu. Tunanyamaza. Tunamsalimu kwa nusu mdomo. Tunasema "nimemwachia Mungu", kumbe tumeshikilia sisi. Na mstari huo huo unatoa dawa ambayo wengi hatuitazamii: mwambie. Unaagiza kumkemea jirani waziwazi, na kwamba asiyefanya hivyo hujitwika dhambi kwa ajili yake. Yaani aliyenyamaza huku anachukia hayuko safi kuliko mpiga kelele.

Mstari wa 18 kabla ya kutaja upendo unakataza kisasi. Njia ya tatu, basi, ni kununua spika kubwa kuliko yake. Au kwa akina mama, kuvaa kanga yenye neno, kupita nayo uani mara tatu, na kufungulia taarabu ya mipasho saa anapofua. Kanga ni vazi la heshima na neno lake laweza kuwa zuri, lakini jirani aliyejibiwa kwa kanga hajaambiwa lolote. Amepigwa kijembe tu, naye atatafuta kanga yake.

Nasema haya kwa kuwa niliyafanya. Mwaka 1998 nilikuwa nafundisha shule ya msingi Dar es Salaam, nimepanga chumba katika nyumba ya namna hiyo. Upande wa pili wa ukuta alihamia kijana aliyerudi kazini karibu na usiku wa manane, na kila arudipo alifungua redio. Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri. Nilivumilia wiki tatu, kwa hesabu yangu. Kwa kweli nilihesabu makosa yake wiki tatu. Kisha nikaenda kwa mwenye nyumba. Sikumgongea kijana hata siku moja, ingawa mlango wake ulikuwa hatua nne kutoka kwangu. Mwenye nyumba hakuwa mtu wa maneno mengi: alimwambia ahame mwisho wa mwezi, na kodi yake iliyobaki hakuirudisha yote.

Siku ya kuondoka alikuja kuniaga, godoro likiwa tayari kwenye mkokoteni. "Shikamoo, Mwalimu. Naondoka." Nikamwitikia, nikamtakia heri. Akasita kidogo, akasema, "Ungenigongea tu mlango, Mwalimu. Mimi nilidhani umelala, husikii."

Jumapili iliyofuata nilikwenda Mezani pa Bwana. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambacho ni mzizi wa vitabu vyetu vya ibada, kinamwita kwenye Ushirika Mtakatifu mtu aliyetubu na aliye katika upendo na jirani zake; tena maagizo yake yanamtaka padre asiwapokee wale ambao anaona chuki imetawala kati yao, mpaka wapatane. Nililisikia lile neno la jirani kama ninavyolisikia kila mara, nikapiga magoti. Sikuwa na ugomvi na mtu. Godoro la yule kijana halikuniijia kichwani mpaka nilipokuwa nimekwisha kurudi kitini, na kwa kuwa sikujua alikohamia, sikuweza kwenda kupatana naye kama Mathayo 5:24 inavyoagiza. Mpaka leo sijamwona.

Jinsi ya kwenda kwake, basi. Mithali 25:9 inataka neno liishie kati yako na jirani mwenyewe, na Mathayo 18:15 vivyo hivyo. Usiende wakati redio inalia, maana saa hiyo utagonga mlango kwa ngumi. Nenda kesho yake mchana, au jioni kabla ya chakula, wakati uani hakuna watazamaji. Piga hodi, ngoja ukaribishwe. Msalimu kama unavyomsalimu siku zote. Kama hujawahi kumsalimu, hapo pana kazi ya kufanya kwanza, na siku mbili tatu za salamu hazitakuua. Kisha sema saa na sababu: "Kuanzia saa nne mtoto wangu hulala, naye ana shule." Usiseme "ninyi vijana" wala "watu wa kabila lenu". Omba kitu ambacho anaweza kutoa. Pengine hataki kuzima, lakini atakubali kuisogeza sabufa kutoka ukuta wenu na kuiinua kutoka sakafuni, akiweka kipande cha godoro chini yake. Mlio mzito hupenya tofali na saruji kuliko sauti nyembamba, na mara nyingi ndio unaokunyima usingizi. Au atapunguza mlio huo na kuacha maneno. Au atatumia spika za masikioni baada ya saa nne. Nawe uliza, "Na mimi je, kuna jambo nakuudhi?" Jiandae kusikia jibu. Mimi niliwahi kuambiwa juu ya ndoo yangu ya bati alfajiri.

Yafaa niseme pia kwamba agizo hili la kwenda peke yako si la kila mtu na kila mlango. Mwanamke aishiye peke yake asiende kugonga kwa mtu mlevi usiku wala mchana. Mathayo 18:16 inaruhusu mashahidi wawili au watatu. Nenda na mzee wa nyumba au mama anayeheshimiwa.

Hapa panahitaji kutofautisha, maana si kila kelele ni kelele. Katika Luka 11 rafiki anabisha hodi usiku wa manane. Mwenye nyumba amefunga mlango, watoto wamelala pamoja naye. Ni nyumba ya chumba kimoja kama zetu, na kufungua ni kuamsha wote. Bwana Yesu hafichi kwamba huo ni usumbufu. Lakini aliyebisha ana mgeni na hana mkate. Mtoto mchanga anayelia kwa homa, mgonjwa anayekohoa, mama anayetwanga usiku kwa kuwa mchana yuko sokoni, hao wana haja, na haja huchukuliwa. Sabufa ya saa saba usiku haina haja na mtu.

Tena kuna sauti ambayo ni dhambi kuivumilia. Ukisikia mke anapigwa, au mtoto anapigwa kupita adhabu, usigeukie upande wa pili na kulalamika kwamba hulali. Ule mstari wa 16 unaokataza uchongezi unamalizika kwa kukataza kusimama tu wakati damu ya jirani iko hatarini. Hapo kwenda kwa wakubwa si uchongezi. Amsha nyumba, mwite mjumbe, nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa ajili ya mtoto ipo simu 116. Tumezika watu katika mitaa yetu ambao majirani sita waliwasikia.

Na sisi je? Mithali 27:14 inasema juu ya mtu anayeamka mapema kumbariki rafiki yake kwa sauti kuu: atahesabiwa kuwa amelaani. Sijui kwa nini mstari huu haujaandikwa juu ya kila spika ya kanisa. Tunafanya mkesha chumbani, watu kumi na wawili, ngoma na makofi mpaka alfajiri, na mpangaji mwenzetu ni nesi aliyetoka zamu. Jumapili asubuhi tunafungulia kwaya nyumba nzima isikie, kana kwamba kwaya si kelele kwa mtu ambaye hakuiomba. Paulo katika nyumba yake ya kupanga alipokea watu wengi, akawaeleza habari za Ufalme mchana kutwa. Luka anasema walianza asubuhi, na jioni ndiyo mwisho. Serikali nayo imeliona jambo hili. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zilitungwa kanuni mwaka 2015 zenye viwango vya sauti, na kiwango cha usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Wanaosimamia sheria hiyo wamekwisha kuonya mabaa, na nyumba za ibada pia.

Ikiwa umekwenda peke yako, ukaenda na wawili, na hakuna mabadiliko, basi mwenye nyumba, mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa wapo kwa kazi hiyo, na Baraza la Kata lipo kwa kusuluhisha. Kwenda huko si kukosa upendo. Ila mwambie kwamba unakwenda, kusudi asilisikie jambo lake kwa mara ya kwanza kinywani mwa mtu mwingine.

Maswali ya kujadiliana:

Katika nyumba unayokaa, ni jirani gani ambaye umemsema kwa wengine lakini hujamwambia mwenyewe? (Usitaje jina mbele ya kikundi.)

Someni tena Walawi 19:16–18. Kwa nini kukemea na kupenda vimewekwa pamoja?

Mkesha ujao wa kikundi hiki utafanyika katika nyumba ya nani, na ni nani anayelala upande wa pili wa ukuta? Ni nani kati yenu atakwenda kumpigia hodi kabla ya siku hiyo, na mtafunga saa ngapi?