Mbegu Ikishachungulia Haingoji: Kuotesha Mahindi Matamu Kabla ya Kuyapanda

Katika gazeti letu tumezoea insha, mashairi na vichekesho. Mwaka huu nimeonelea nilete somo la shambani, kwani wengi wetu tunaosoma shule ya kutwa hufika nyumbani jioni na kukabidhiwa jembe hata kabla ya kuvua sare. Somo lenyewe ni kuotesha mbegu za mahindi matamu nyumbani kwanza, kisha kuzipeleka shambani zikiwa zimeanza kutoa mizizi.

Kwanza tuelewane. Mahindi matamu si yale mabichi tunayonunua yakichomwa kando ya barabara. Yale ni mahindi ya unga yaliyovunjwa mapema. Mahindi matamu ni aina mbali, na ukitaka kuyatambua itazame mbegu yake iliyokauka. Imekunjamana kama uso wa mzee, tena ni nyepesi, ilhali mbegu ya mahindi ya unga imejaa na inang'aa. Katika mahindi ya kawaida, sukari inayotoka kwenye majani hugeuzwa kuwa wanga ndani ya punje na kuwekwa akiba. Katika mahindi matamu kuna jeni iliyobadilika inayozuia kazi hiyo, basi sukari nyingi hubaki sukari. Maji yakikauka, ngozi ya punje hujikunja. Ndugu zetu wa kidato cha nne waliosoma habari za Mendel watakumbuka minji yake, mingine laini na mingine iliyokunjamana. Huko nako chanzo ni wanga uliokosa kutengenezwa sawasawa. Mwaka 1953 Mmarekani John Laughnan aliandika juu ya jeni nyingine inayoipa punje ya mahindi sukari nyingi zaidi, na mbegu za jamii hiyo hunywea hata kuliko zile za kwanza.

Sasa utamu huo una gharama yake. Wanga ndicho chakula cha kiinitete, yaani kile kimmea kichanga kilicholala ndani ya mbegu. Mbegu yenye wanga kidogo ni kama msafiri aliyefungiwa chakula kidogo. Udongo ukiwa na joto atafika. Ukiwa baridi, atakwisha nguvu njiani. Mahindi ya kawaida huweza kuanza kuota, ingawa polepole mno, udongo ukiwa na joto la nyuzi 10 hivi. Yale matamu sana hutaka kama nyuzi 16 kwenda juu. Ndiyo maana mtu wa Limuru au Kinangop anaweza kupanda pakiti nzima, mvua ikanyesha vizuri, na bado akaona shamba lina mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Na bei ya mbegu hizi katika duka la agroveti si ya mzaha!

Kabla sijaendelea, neno moja kwa sababu hili ni gazeti la Kiswahili. Watu husema mbegu imeota, imemea, imechipuka. Yote ni sawa, lakini hapa nitasema mbegu "imechungulia" nikimaanisha kwamba ncha nyeupe ya mzizi imetoboa ngozi na kuonekana. Utaona mbele kwa nini nataka neno la hali hiyo peke yake.

Mbegu kavu hufanya nini ikipata maji? Hunywa. Punje ya mahindi hunywa maji karibu theluthi moja ya uzito wake ndipo ianze kuamka. Vimeng'enya huanza kuvunja akiba ya chakula, kiinitete hupumua kwa nguvu, na baada ya siku chache mzizi hutoka, kisha chipukizi lenyewe. Hadi dakika ile kabla mzizi haujatoka, mbegu inaweza kukauka tena na kungoja bila madhara makubwa. Mzizi ukishachungulia, hakuna kurudi nyuma. Ukikauka, umekufa, na mbegu imekwenda nao. Hili ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote, kwani hapo ndipo faida na hasara za kazi hii zinapoachana.

Haya, tuingie jikoni. Wengi husema ati loweka mbegu kwenye bakuli la maji usiku kucha. Kwa mahindi ya unga, sawa, yanavumilia. Kwa mahindi matamu mimi siungi mkono. Mbegu iliyokunjamana ikitumbukizwa majini hunywa kwa pupa, ngozi nyembamba za seli zake huraruka, na sukari huvujia nje. Sukari hiyo ni karamu ya ukungu. Isitoshe, mbegu iliyofunikwa na maji hukosa hewa. Afadhali inyweshwe polepole. Chukua kitambaa safi cha pamba, kiloweshe, kisha ukikamue mpaka kisidondoshe tena. Panga mbegu upande mmoja zisigusane, kunja upande wa pili juu yake, halafu weka kitambaa ndani ya mkebe wa siagi wenye kifuniko. Kifuniko kisibanwe sana. Weka mkebe mahali penye joto la kadiri, mathalani kwenye rafu iliyo karibu na jiko, wala si juu ya jiko! Mkono wako ukiona raha hapo, mbegu nazo zitaona raha. Kila siku fungua mara moja ziingie hewa, nyunyiza maji kidogo kitambaa kikianza kukauka, na uondoe yoyote iliyoota ukungu kabla haijaambukiza jirani zake.

Jambo la usalama. Mbegu za dukani mara nyingi hupakwa dawa yenye rangi, nyekundu au kijani. Dawa hiyo ni sumu. Vaa glavu, usitumie sufuria wala bakuli la chakula, mkebe ule usirudi tena jikoni, na kitambaa usimpe mama akaushie vyombo.

Siku ya pili au ya tatu penye joto, utaziona zinachungulia. Zihesabu. Tuseme ulijaribu mbegu 10 kwanza na 7 zikachungulia. Chukua shamba dogo la meta 9 kwa 9, mistari ikiachana sentimeta 75 na mashimo sentimeta 30. Utapata mistari 12 yenye mashimo 30, jumla 360. Ukipanda mbegu moja kavu kwa kila shimo, mashimo 108 yatabaki tupu. Ukipanda mbili mbili utatumia mbegu 720, na kwa hesabu za walimu wetu (0.3 mara 0.3) bado mashimo kama 32 hayatatoa kitu, huku mengine zaidi ya 170 yakitoa miche miwili na kukulazimisha kung'oa mmoja. Lakini ukiotesha kwanza, mbegu kama 515 zitakupa 360 zilizo hai. Umeokoa mbegu 205, na kila shimo limepata yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa. Kuhusu kuvuna mapema, utatangulia siku chache tu. Anayekuambia utavuna mwezi mzima kabla ya jirani anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Panda mzizi ukiwa bado mfupi, chini ya sentimeta moja. Ukirefuka hukatika kama kijiti cha kiberiti. Subiri jioni au siku ya mawingu. Beba mbegu zikiwa ndani ya kitambaa chenye unyevu, zisipigwe na jua. Chimba kwanza, weka maji kama udongo haujalowa, kisha laza mbegu taratibu, mzizi ukielekea chini au upande, na uifunike kwa udongo laini wa kina cha sentimeta 3 hivi. Usiisukume kwa kijiti wala usiikanyage. Na ile tabia yetu ya kutia DAP shimoni na kuangusha mbegu juu yake, hapa iache. Mzizi uchi ukigusa mbolea hiyo huungua. Ichanganye na udongo vizuri kwanza, kisha tandika udongo mtupu juu yake ndipo uweke mbegu. Tena mistari yako iwe mingi mifupi, isiwe miwili mirefu, kwa kuwa mahindi huchavushwa na upepo.

Je, kazi hii inafaa kila mahali? La, hasha. Wakulima wengi wa Machakos, Makueni na Kitui hupanda katika udongo mkavu kabla mvua za Oktoba na Novemba hazijaanza. Mbegu kavu hulala hapo ikingoja, mvua ikija inaipokea tangu tone la kwanza. Huo ni ujuzi, wala si uvivu. Ukichukua mbegu zilizochungulia na kuzizika katika vumbi lile, umezizika kweli kweli. Hata huku penye baridi kuna mvua ya kudanganya, inayonyesha siku mbili mwezi wa Machi kisha mbingu inafunga. Kwa hiyo mimi sifungui pakiti mpaka udongo uwe umelowa hadi kina cha kiganja na mvua inaendelea, au pawe na kisima karibu na mtu wa kuchota. Kama huna hakika, otesha sehemu tu na uache nyingine kavu.

Zile zinazobaki mkebeni baada ya siku 6 au 7 bila kuchungulia, zibonyeze. Ikipondeka kama uji, imeoza. Chimba shimo mbali na kuku uzizike, kwa sababu ya ile dawa. Zilizo ngumu bado zipe siku 2 zaidi, na zikichungulia zitumie kujaza mapengo. Ila mapengo yajazwe ndani ya wiki moja tangu mengine yatokeze juu ya ardhi. Mche ukichelewa zaidi ya hapo hufunikwa na kivuli cha wenzake, na mbelewele za wenzake zitakuwa zimekwisha kumwaga chavua kabla yeye hajatoa hata unywele mmoja wa gunzi.