Gunia Lisiguse Sakafu: Kipimo cha Chaga kwa Mabohari ya Chakula cha Msaada, Kilifi na Malindi

Tunasema mapema, na tutarudia: gunia lisiguse sakafu. Malalamiko ya mahindi ya msaada kuvunda boharini kabla ya kugawiwa yamezidi, na wenye bohari hujibu kwamba ni mvua. Si mvua. Saruji hufyonza unyevu wa ardhini hata paa likiwa zima, na hewa yetu ya pwani haiukaushi. Mahindi yaliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5 yakilowa tena kwa chini huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo huzaa sumukuvu. Mwaka 2004, Ukambani, Makueni na Kitui zikiathirika zaidi, sumukuvu iliwapata watu 317 na kuua 125. Kupika hakuiondoi.

Kipimo cha chaga, au paleti kama wengi wanavyoiita, kinahusiana vipi na haya? Majeshi yanalijua jibu. Chaga ya kawaida ya mabohari ya jeshi la Marekani ni inchi 40 kwa 48, karibu sawa na milimita 1000 kwa 1200 tunazowataka mzitumie. (Ile kubwa ya alumini ya ndege za kijeshi isiwachanganye, haiwahusu.) Faida yake ni kwamba mzigo hutoka bohari hadi lori au kontena bila kupakuliwa. Kontena lina upana wa ndani wa kama mita 2.35, chaga mbili, moja ikikaa kwa urefu na nyingine kwa upana, huchukua 2.2. Fundi akigonga za mita 1.3 kila upande kwa kuwa ndizo mbao alizozikuta, mbili haziingii sambamba. Hapo mzigo hushushwa gunia kwa gunia na kulazwa chini “kwa muda tu”. Muda huo ndio tunaouogopa.

Wapo wanaolia kwamba chaga za kiwandani ni ghali. Hatukusema za kiwandani: fundi wa mtaani agonge, mradi ashike kipimo. Wengine hudai turubai latosha. Turubai huzuia unyevu wa sakafu lakini halipitishi hewa, na jasho la magunia hubaki pale pale. Anayeokota chaga kuukuu za bandarini atazame muhuri: HT ni mbao zilizotibiwa kwa joto, MB zimefukizwa kwa methili bromaidi, hizo si za chakula. Kuazimwa chaga na ofisi yetu ni kwa kamati zilizosajiliwa, zenye barua ya chifu. Mengine muulizeni karani. Gunia lisiguse sakafu, hata usiku mmoja. Mkaguzi akija hataanza na paa. Atainama atie mkono chini ya gunia.