Twahara ya Maji na Hesabu ya Hatari: Somo kutoka Mfereji wa Nakivubo



Katika milango ya fiqhi, wa kwanza tunaosoma ni wa twahara. Tunajua maji yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi hayafai kutawadhia. Je, maji yaliyorudi katika hali yake yako salama? Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakubwa la Saudia lilijadili majitaka yaliyosafishwa. Likasema yakisafishwa hadi athari ya najisi iondoke kabisa, yanafaa kwa twahara, ila kuyanywa kukiwa na madhara kwa afya kuepukwe. Hukumu ya utohara ni jambo moja, usalama ni jingine.

Tutazame Kampala. Mfereji wa Nakivubo hupita katikati ya mji, karibu na soko la Owino, ukaingia kinamasi kisha Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria. Ghuba hiyohiyo ndiyo inayotoa maji ya mitambo ya Ggaba. Sehemu ndogo tu ya wakazi wameunganishwa na mabomba ya majitaka. Wengi hutumia vyoo vya shimo, na mvua kubwa ikinyesha wapo wanaofungulia mashimo ili mafuriko yabebe kinyesi. Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama na kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, huyu anamwagia mtaa mzima wa bondeni!

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2015 mwongozo wa kupanga usalama wa majitaka, na Kampala ni miongoni mwa miji iliyoujaribu. Njia yake ni rahisi. Fuata uchafu kutoka chooni hadi mwisho wake, na kila hatua uliza: nani anaguswa, kwa njia gani? Kisha pima. Uwezekano wa tukio hupewa alama 1 hadi 5. Ukali wa madhara 1, 2, 4, 8 au 16. Zidisha. Chini ya 6 ni hatari ndogo, 6 hadi 12 ya wastani, 13 hadi 32 kubwa, zaidi ya 32 kubwa mno.

Chukua mkulima wa magimbi kwenye kinamasi, miguu mitupu. Kupata minyoo ni karibu hakika: 5. Ukali tuseme 4. Jumla 20, hatari kubwa. Akivaa mabuti kila siku, uwezekano ushuke hadi 2, atabaki na 8. Na mlaji? Magimbi humenywa na kuchemshwa, kwa hiyo mpe 1 mara 4. Ajabu, mijadala yetu mingi humhusu mlaji! Utafiti uliofanyika Kampala uliwakuta wakulima hao ndio wenye minyoo zaidi kuliko makundi mengine yaliyopimwa.

Lakini mabuti hupasuka, tena joto humfanya mtu ayavue. Ndiyo maana mpango hauishii kwenye kizuizi kimoja: mtambo wa kusafisha, mabuti, dawa za minyoo, kunawa kwa sabuni, na mtu wa kukagua kama yanafanyika. Klorini peke yake haitoshi, kwani mayai ya minyoo huihimili.

Zoezi la darsa lijalo: fuata bomba la choo cha msikiti wenu wa chuo. Linaishia wapi, na ni nani anayelizibua bila glavu? Njoo na alama zako.