SOMO: TUOKOE SAUTI ZILIZO KWENYE KASETI



Waisraeli walipovuka Yordani waliweka mawe 12, ili watoto wakiuliza maana yake waelezwe (Yoshua 4). Kaseti nazo ni mawe ya namna hiyo. Hapa Eastleigh, yaani Islii, familia zilizokimbia vita vya Somalia tangu 1991 zilitumiana salamu kwa kaseti badala ya barua. Vikundi vingi vya vijijini navyo vina kaseti za kwaya, mikutano na wazee waliokwisha kufariki. Utepe huchakaa. Ukiharibika, sauti ya mzee hainunuliki dukani.

Mahitaji: redio kaseti nzima, laptopu, waya wa sauti, na programu ya kurekodi. Audacity ni ya bure.

HATUA

1. Vunja vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya, hakitashuka.

2. Angalia tundu la laptopu. Nyingi zina moja tu, la earfoni na maikrofoni pamoja. Ncha ya waya yenye pete mbili nyeusi kwa kawaida haiingizi sauti hapo. Tafuta kigawanyi chenye pete tatu, au kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la maikrofoni.

3. Chomeka waya kutoka tundu la earfoni la redio. Anza na sauti ya chini kabisa, maana tundu la maikrofoni limetengenezewa sauti hafifu.

4. Jaribu kwanza! Kabla ya kucheza kaseti, gonga laptopu kwa kidole. Kipimo kikiruka, inasikiliza kwa maikrofoni yake ya ndani. Utarekodi kelele za makanga barabarani. Chagua njia ya waya kwenye programu.

5. Ongeza sauti polepole. Kipimo kiishie karibu na -6, kisiguse 0. Sauti iliyorekodiwa ikiwa imepasuka ni vigumu kuitengeneza.

6. Rekodi upande mzima bila kukatiza. Hifadhi kwa mtindo wa WAV; saa moja ya mono ni kama megabaiti 320.

7. Weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Kaseti yenyewe msitupe.

MASWALI YA KUJADILIANA

Kaseti ipi kikundi chenu hakiwezi kuipoteza? Iko kwa nani? Je, jamaa wa aliyerekodiwa wamekubali isikilizwe na wengine?