Mdogo wangu, picha ina mwenyewe

Njoo ukae hapa, mdogo wangu, tusemezane. Nasikia unafanya utafiti wa saikolojia na safari hii hutaki dodoso. Unataka watu wapige picha, wachore, kisha wakueleze maisha yao. Vizuri sana. Ila nawajua ninyi. Mkishapata rundo la picha kwenye simu mnaona kazi imekwisha, mnajifungia chumbani na kuanza kuzifasiri wenyewe. Hapo ndipo ninapokukamata sikio.

Tuseme mama wa Buyenzi, hapa Bujumbura, amekuletea picha ya mlango uliofungwa. Mbio mbio umeandika pembeni: upweke. Nani kakwambia? Umemuuliza? Pengine ndio mlango wa kwanza maishani mwake alioulipia kodi kwa pesa yake, na ameufunga kwa sababu sasa ufunguo ni wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Caroline Wang na Mary Ann Burris walipowapa kamera wanawake wa vijijini Yunnan, China, miaka ya 1990, hawakuwa wanatafuta mapambo ya ukutani. Walitaka wanawake wale wakae pamoja, wachague picha wenyewe, waseme zina maana gani, na watunga sera wasikie. Picha hufungua mazungumzo; data yako imo katika maneno yanayofuata, na katika kimya pia. Muulize mtu pia kuhusu ile picha ambayo hakutaka kuipiga. Mara nyingi hiyo ndiyo yenye mzigo.

Sasa tega sikio, maana hili ndilo linaloninyima usingizi. Hapa ni Bujumbura. Wapo walioyaona machafuko ya 1993 na ya 2015, na simu ikielekezwa usoni mwao tu moyo unaruka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sura ya mtu, namba ya nyumba, kona ya Musaga au Cibitoke inayotambulika, vyote vinaweza kumtia mtu matatani wakati wewe umeshavaa joho na kusahau. Waelekeze wapige bila sura: mikono, viatu, kivuli, sufuria jikoni. Ruhusa nayo iombwe mara mbili, ya kupiga na ya kuonyesha. Aliyekubali uione wewe hakukubali ionwe na darasa zima, seuze kundi la WhatsApp. Na hiyo fomu ya Kifaransa unayomsainisha mama anayeongea Kiswahili na Kirundi, mwenzangu, hiyo si ruhusa, ni saini tu.

Wengine mkiogopa picha mnakimbilia ile kamba ya maisha inayolazwa sakafuni, ua likiwekwa kwa siku njema na jiwe kwa siku mbaya. Inavutia, nakubali. Lakini kamba ile imetoka kwenye tiba ya kusimulia yaliyomsibu mtu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, wameitumia tiba hiyo hapa Burundi kwa vijana waliowahi kuishi mitaani. Tiba, nasema. Ina vikao kadhaa, na mtu aliyefunzwa kubaki na msimuliaji mpaka atulie. Wewe una saa moja na kinasa sauti. Ukimfanya mtu apange mawe yake yote, kisha ukapanda pikipiki kurudi chuoni, usiku huo atalalaje?

Najua hukukusudia ubaya. Msimamizi anadai sura ya tatu, muda umekubana, na wakubwa wenu nao huteleza hapo hapo. Lakini ujue mapema utampeleka wapi mtu akielemewa. Kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge kipo. Nenda ukaongee nao kabla hujaendelea, si baada ya mtu kuangua kilio mbele yako.

Basi kesho usitoke kwenda kwa watu wapya. Keti uandike fomu ile upya kwa Kirundi na Kiswahili, na zile picha zenye sura zilizomo kwenye simu yako, wapelekee wenyewe uwaulize. Akisema futa, futa palepale akikuona.